Waachieni Baiskeli Changarawe Yao

Kila mwanasiasa wa Kenya anaujua wimbo huu: barabara ya vumbi ni aibu, barabara ya lami ni maendeleo. Anauimba akiomba kura, na mpiga kura anauitikia kwa moyo kwa sababu amechoka kukwama topeni kila masika. Kwa barabara ya kupeleka maziwa sokoni na mgonjwa hospitalini sina ubishi hata chembe. Wekeni lami, tena nzito. Ninachopinga ni kuubeba wimbo huohuo hadi ndani ya misitu na bustani za Nairobi, na kwenye kingo za mito yake, kisha kutuambia kwamba njia ya changarawe anakopita mwendesha baiskeli mbali na magari ni kazi iliyoachwa nusu, inayongoja fungu la fedha ili ikamilike.

Haingoji kitu. Imekamilika.

Nenda Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, uliokaa kati ya Barabara ya Limuru na ya Kiambu. Njia zake nyingi ni za udongo mwekundu na changarawe. Ukiingia kwa baiskeli, honi za matatu hazikatiki ghafla. Zinafifia kidogo kidogo mpaka unasikia tairi zako zikisaga vijiwe. Njia panda zina nguzo zenye nambari, kwa hiyo mgeni hapotei sana. Unakutana na watoto wanaojifunza kuendesha, wazee na fimbo zao, wapenzi wasiotaka kuulizwa habari. Kwenye mteremko wa kuelekea mtoni kuna mizizi na mawe yaliyochomoza, na hapo kila mtu hukaza breki, hata yule kijana mwenye baiskeli ya bei ya gari kuukuu. Hakuna trafiki aliyemsimamisha wala tuta lililojengwa. Ardhi ndiyo iliyomwamuru, na ardhi haichukui kitu kidogo.

Hilo ndilo wapenda lami hawalioni. Kwao changarawe ni kasoro kwa sababu inapunguza mwendo. Lakini mahali ambapo mtoto wa miaka mitano na baiskeli ya kilo kumi na tano wanatumia njia moja, kupunguza mwendo ndiyo kazi ya kwanza ya njia hiyo. Ukiilainisha, umeondoa kinga pekee ya mtoto huyo. Na si mwendesha baiskeli tu atakayeongeza kasi. Tazama njia za baiskeli zilizotiwa lami au kabro kando ya barabara zetu kuu. Asubuhi kukiwa na msongamano, bodaboda wanazifanya njia ya panya. Mchana zinakuwa mahali pa kuegesha. Jioni zinapangwa viatu vya mitumba. Siwalaumu sana wachuuzi wala bodaboda, kila mtu anatafuta riziki. Nasema tu kwamba uso laini humkaribisha yeyote mwenye magurudumu, na mwenye injini ndiye hufika wa kwanza.

Marekani walilijua hili mapema. Kando ya mto Potomac kuna mfereji wa zamani wa Chesapeake na Ohio, na pembeni yake njia ya udongo ambayo nyumbu waliipita wakivuta mashua. Biashara ya mfereji ilipokufa, ukaja mpango wa kuifanya njia hiyo barabara ya magari ya kujionea mandhari. Gazeti la Washington Post likaunga mkono. Mwaka 1954 William O. Douglas, jaji wa Mahakama ya Juu, akawaandikia wahariri akiwataka watembee naye njia nzima, waone wenyewe wanachotaka kukiua. Wakaenda. Waliporudi, gazeti lilikuwa limebadili msimamo, na mwaka 1971 mfereji ukawa hifadhi ya taifa. Leo njia hiyo ina urefu wa karibu kilomita 297, kutoka Washington hadi Cumberland, na sehemu yake kubwa ingali ya udongo na mawe yaliyosagwa. Hapo Cumberland inaungana na njia nyingine ya kokoto laini za chokaa, kilomita 240 hivi hadi Pittsburgh. Nchi yenye fedha za kuweka lami hadi mlangoni pa kila kibanda imeamua kutoiweka huko. Mtu anayesema changarawe ni dalili ya umaskini na atueleze hilo.

Sisi tuna mashujaa wetu. Karura iliyomegwa na kugawiwa watu binafsi katika miaka ya 1990 haikuokolewa na wizara. Iliokolewa na Wangari Maathai na wenzake waliokwenda na miche mkononi, na Januari 1999 akapasuliwa kichwa kwa kujaribu kupanda mti kwenye lango. Tunamkumbuka kwa miti, na ni haki. Lakini kila mwendesha baiskeli anayepita pale anapita juu ya ardhi ambayo, kama wenye hati wangeshinda, leo ingekuwa barabara ya mtaa wa kifahari wenye geti na mlinzi.

Kuna hoja moja ya upande wa pili inayorudiwa sana, kwamba lami na saruji huleta usalama kwa kuwa majambazi hujificha penye vichaka na vumbi. Karura yenyewe inaijibu. Zamani Mnairobi aliposikia jina la msitu huo alifikiria ujambazi na maiti zilizotupwa. Mwaka 2009 kikaundwa chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura, kikashirikiana na Huduma ya Misitu Kenya (KFS). Ukaja ua wa umeme, wakaja maskauti kutoka vijiji vya jirani, milango ikafunguliwa kwa umma mwaka 2011, na watu wakaingia kwa wingi. Macho ya watu ndiyo yaliyowafukuza majambazi. Njia zikabaki za vumbi vilevile.

Halafu kuna dharau ya mtaani, ile ya kusema baiskeli ya changarawe ni mtindo wa Wazungu wenye kofia za plastiki. Hii hunichekesha. Magharibi mwa Kenya watu wamebeba magunia ya mahindi, kreti za soda na mama mkwe kwa baiskeli za Black Mamba juu ya changarawe tangu kabla mtu yeyote huko Kansas hajafikiria kuifanya mbio za kulipia kiingilio. Marehemu Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, alikwenda kushindana na magwiji wa dunia kwenye barabara za aina hiyo, na alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont. Na huna haja ya baiskeli ya maajabu. Muulize fundi yeyote wa pembeni mwa barabara: chukua tairi pana kidogo, kisha punguza upepo. Tairi iliyojazwa mpaka ikawa ngumu kama rungu inarukaruka juu ya kila kijiwe na kuteleza kwenye kona. Iliyolegezwa kiasi inalala juu ya kijiwe na kushika. Mvua ikinyesha, vunja kijiti ukwangue udongo mwekundu uliojaa kati ya tairi na uma, uendelee na safari.

Tope hilo ni kweli, na vumbi la Januari ni kweli, na kuna kundi moja ambalo malalamiko yake hayana jibu jepesi: watu wa viti vya magurudumu. Changarawe ya mawe ya mviringo inawakwamisha kabisa. Ninakubali kwamba kutoka langoni hadi penye vyoo, mgahawa na angalau mzunguko mmoja mfupi, uso uwe mgumu. Mbele ya hapo, lawama nyingi inazotupiwa changarawe zinastahili kutupiwa matengenezo. Njia inayofaa hujengwa kwa kokoto zenye ncha, zilizochanganywa na vumbi la machimbo ili zishikane, zikamwagiwa maji na kushindiliwa kwa rola, katikati pakainuka kidogo na pembeni pakachimbwa mfereji. Ukimwaga tu lori la mawe ya mtoni ukaondoka, yatabingirika chini ya tairi na utamshutumu mwendesha baiskeli kwa kuanguka.

Nayasema haya sasa kwa sababu ya Mto Nairobi. Machi 2025 serikali ilizindua mradi mkubwa wa kuufufua, na miongoni mwa ahadi zake ni njia za miguu na za baiskeli kandokando ya maji. Kipande cha ushahidi kwamba jambo hili linawezekana tunacho tayari katika Bustani ya Michuki, ukingo ambao marehemu John Michuki aliusafisha alipokuwa waziri wa mazingira. Hofu yangu ni mkandarasi. Lami na kabro vina zabuni nono, vina picha nzuri na vina siku ya kukata utepe. Kupiga greda changarawe kila baada ya masika hakuna siku ya kukata utepe.

Na mto haujali utepe. Mwaka 2024 mvua za Machi hadi Mei ziliua zaidi ya watu 200 nchini, na mto wa Mathare ulipofurika uliondoka na nyumba za watu. Sidai changarawe iliyoshindiliwa hunywa maji kama shamba lililolimwa, haifanyi hivyo. Ila mafuriko yakiipasua, vibarua wachache wenye majembe na toroli wanairudisha. Lami ya ukingoni, mto ukishaichimba kwa chini, inabaki ikining'inia kwa muda, kisha inakatika mabamba mabamba na kutumbukia majini, na hapo utangoja bajeti ya mwaka ujao ukiwa na bahati.

Basi wanaochora njia hizo wazichore za kokoto. Kila mdomo wa njia upigwe nguzo za chuma zilizo karibu kiasi kwamba usukani wa baiskeli unapita na wa pikipiki unagonga, na penye ule mzunguko wenye uso mgumu kuwe na lango pana la kiti cha magurudumu linalofunguliwa na mlinzi. Na waajiri vijana wa Mathare, Korogocho na Mukuru, wanaoishi kando ya maji hayo, wawe na rola, ndoo na mshahara wa mwezi, kazi yao ikiwa ni kutengeneza njia hiyo mwaka mzima.