Kofia ya zawadi na kofia ya kuuza

Wiki iliyopita ilitufikia barua ya dada mmoja wa Tanga, naye ameturidhia tuizungumze hapa bila kumtaja jina. Dada huyu hushona kofia za viua kwa mkono. Alifundishwa na bibi yake angali msichana, na kofia ya kwanza aliyoimaliza alimpa baba yake. Ya pili alimshonea mchumba wake, akaivaa siku ya nikaha. Kwa miaka mingi hakuuza hata moja. Alishona usiku, watoto wakishalala, kwa kuwa kazi ile ilimtuliza moyo. Mwaka huu, miezi kadhaa kabla ya Ramadhani, akaazimia kuifanya iwe ya kipato. Kwa msaada wa binti yake na jirani mmoja akatoa kofia 9. Idi ilipopita, kofia zote zilikuwa vichwani mwa watu, na yeye hakuwa na fedha ya kununulia kitambaa cha kofia ya 10.

“Nimekosea wapi?” ndilo swali lake.

Katika kushona hakukosea. Anayeijua kofia ya kiua anaijua kazi iliyomo. Vitambaa vya pamba nyeupe hulazwa kimoja juu ya kingine, nakshi ikachorwa kwa penseli, kisha kila tundu likafunguliwa kwa ncha na kuzungushiwa uzi, pigo baada ya pigo la sindano, mpaka ukingo wake ukaze. Ukanda wa pembeni peke yake hubeba matundu mengi mno ya namna hiyo. Bado duara ya juu, bado kuunganisha, bado kufua na kutia wanga. Kofia nzuri huchukua mwezi, na iliyo bora zaidi miezi miwili au mitatu. Kofia hii ni fahari ya mwambao wetu wote, na ndugu yake, kumma, iko vichwani mwa Waomani mpaka leo.

Ametueleza kwamba kila kofia aliipangia bei ya shilingi 40,000. Alitazama kitambaa na uzi, shilingi 6,000, akaona faida ni kubwa. Tukamwomba atuhesabie na saa. Kofia moja ilimchukua siku 40, kila siku saa 2, yaani saa 80. Gawanya zile 34,000 zilizobaki kwa saa 80, utapata shilingi 425 kwa saa: bei ya chapati moja. Macho yaliyoumia chini ya taa hayamo katika hesabu hiyo. Hatusemi apandishe bei kesho hadi wateja wakimbie. Tunasema ajue anauza nini, na asishindane kabisa na kofia za mashine zinazoshushwa kwa marobota. Anayetaka kofia ya bei ya mashine na aende akainunue. Mteja wa dada yetu ni yule anayeigeuza kofia ndani nje kutazama upande wa pili wa ushono.

Lakini bei siyo iliyomfilisi. Kati ya zile kofia 9, mbili zilichukuliwa na wakwe waliosema, “Na sisi tushonee,” neno ambalo kwa desturi yetu halina bei. Tano zilikopwa na shemeji, binamu na majirani, kila mmoja akiahidi kulipa baada ya sikukuu. Mbili tu zililipwa taslimu.

Hapa pana jambo ambalo familia zetu hulionea haya. Mtu aliyezoea kukupa zawadi anapoanza kuuza, jamaa hawajui ni lini zawadi imekwisha na biashara imeanza, na yeye huona aibu kuwaambia. Aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni: lenye muda liandikwe, dogo au kubwa, bila kuchoka. Kilichotolewa humo ni biashara ya mkono kwa mkono, jamaa hawakutolewa. Dada yetu anunue daftari. Shemeji akikopa, jina lake liandikwe mbele yake pamoja na siku ya kulipa, na kama ataona vibaya kuandikwa, basi na aone.

Kwa wanaoagiza, iko njia nyingine. Mtume (SAW) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla hazijavunwa, akawataka wanaotanguliza fedha waweke kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Mwenye kuagiza kofia naye atangulize fedha, achague nakshi, apimwe kichwa, na siku ya kukabidhiwa itajwe. Mshonaji akiipokea fedha hiyo amefungwa: asije siku ya mkesha wa Idi na kofia isiyo na duara.

Zawadi nayo isife. Tumemshauri dada yetu ajiwekee kofia moja kila mwaka isiyo ya kuuzwa, na aliyekusudiwa ajulikane tangu tundu la kwanza. Tusije tukafika mahali pa kumuuzia baba kofia.

Kuna sehemu ya barua hiyo iliyotukaa moyoni zaidi. Fedha za zile kofia mbili zilinunua nguo za watoto za sikukuu, na mume alipoona hivyo akapunguza hela ya matumizi. “Siku hizi na wewe unapata,” alimwambia. Barua za namna hii zimetufikia kutoka kwa wauza maandazi, washona mashuka na wafuma vitambaa, na neno la waume ni hilo hilo. Suratun Nisaa, katika aya ya 32, imewapa wanawake fungu la walichokichuma kama ilivyowapa wanaume lao. Na aya ya 34 imeyaweka matumizi ya nyumba juu ya mume. Kipato cha mke hakiyapunguzi. Bibi Zaynab bint Jahsh (RA), mke wa Mtume, alikuwa fundi wa mikono, akidabaghi ngozi na kuzishona, na alichokipata alikitoa sadaka kwa hiari yake.

Mke akipenda kumsaidia mumewe, ni hisani kubwa. Mke wa Abdullah bin Mas’ud (RA) aliuliza kama sadaka yake yamtosheleza akimpa mumewe na mayatima anaowalea, akajibiwa kwamba ana malipo mawili, ya ujamaa na ya sadaka. Lakini sadaka hutolewa. Haikatwi kwenye hela ya unga. Na dada yetu asipobakiza mtaji wa kitambaa na uzi, mwaka ujao hatakuwa na cha kumsaidia yeyote.

Kabla ya ukurasa huu kwenda mtamboni tulimsomea haya kwa simu. Daftari amelinunua, na shemeji amelipa nusu. Mumewe alikuwa karibu akisikiliza. Aliichukua simu, akatutaka tuandike pia kwamba hela ya matumizi imerudi kama zamani tangu Jumatatu. Tumeandika.