Wakala wa Kweli Hulipwa Mwisho



Juma hili nataka kusema na ninyi wazazi wenye watoto wapendao kutunga hadithi, na pia na watoto wenyewe.

Jumamosi moja, baada ya mafundisho ya Kipaimara, alikuja mzee mmoja katika ofisi ya parokia pamoja na binti yake wa miaka 16. Binti alikuwa na madaftari manne yaliyojaa hadithi aliyoitunga mwenyewe. Mzee akasema, "Mwalimu, mwanangu amepata wakala wa kumtolea kitabu. Nimekuja utuandikie barua ya kumshukuru." Akanionyesha simu yake. Mtu wasiyemjua aliwaandikia kwamba hadithi ni nzuri mno, naye ataipeleka kwa wachapishaji wa Ulaya. Ila kwanza zitumwe shilingi 200,000 za kuisoma.

Nikauliza, "Binti, umekwisha kumpelekea hadithi?" Akajibu, "Bado, nimemwambia jina lake tu." Kumbe ilisifiwa kabla ya kusomwa! Na nyumbani mbuzi wawili walikuwa wamekwisha kutengwa ili wauzwe.

Basi, wakala wa waandishi ni nani? Wengi wetu tukisikia neno hilo twamfikiria yule wa kutuma fedha kwa simu. Huyu ni mwingine. Yeye husoma maandiko ya mwandishi, humtafutia mchapishaji afaaye, hupatana naye bei na kuuangalia mkataba. Kazi hii imestawi sana Uingereza na Marekani, kwa kuwa huko wachapishaji wakubwa wengi hawapokei maandiko yasiyoletwa na wakala.

Malipo yake ni fungu la mapato ya mwandishi, na kwa desturi ni 15 kwa 100. Kitabu kikimpatia mwandishi shilingi 1,000,000, wakala hutwaa 150,000, na 850,000 ni za mwandishi. Kisipopata mchapishaji, wakala naye hapati kitu. Ndiyo maana hupokea tu andiko analotumaini kuliuza, na mengi huyarudisha. Chama cha mawakala wa Marekani huwakataza wanachama wake kumtoza mwandishi fedha za kusomewa. Shikeni neno hili: anayedai fedha kabla ya kazi anatafuta mbuzi wenu, hatafuti kitabu.

Je, kijana aweza kumpata wakala wa kweli? Naam. Katika mji wa Tulsa, huko Marekani, alikuwako msichana aitwaye S. E. Hinton. Alianza kuandika hadithi ya vijana wa mji wake, maskini na matajiri waliochukiana, alipokuwa na miaka 15. Aliiandika na kuirudia tena na tena akiwa bado shuleni, na mwaka huohuo akapata alama mbaya katika somo la kutunga! Mama wa rafiki yake, ambaye naye alikuwa mwandishi, alimwonyesha njia ya kumfikia wakala katika mji wa New York. Wakala akaisoma, akaipenda, akaipatia mchapishaji. Kitabu hicho, The Outsiders, kilitoka mwaka 1967, binti akiwa na miaka 18, na tangu hapo kimenunuliwa kwa mamilioni. Angalieni utaratibu: kwanza alimaliza hadithi, kisha mtu mzima mwaminifu akamsaidia, ndipo akaja wakala.

Narudi kwa wageni wangu. Niliwashauri wamwulize yule mtu maswali matatu: Umeuza vitabu vya nani? Kwa mchapishaji gani? Mbona usikate ujira wako katika mauzo? Jibu likaja upesi: "Lipeni leo, nafasi inakwisha." Walipouliza tena, akanyamaza. Binti alilia pale ofisini, na baba yake akatazama chini. Sikuwacheka. Mzazi aliye tayari kuuza mbuzi kwa ajili ya daftari la mwanawe si mjinga. Ni mzazi mwenye upendo, na mdanganyifu huutafuta upendo huo.

Lakini hadithi ya binti haikufa. Huku kwetu Afrika Mashariki mawakala wa namna hii ni wachache, na waandishi wengi hupeleka kazi zao wenyewe kwa mchapishaji. Kwa hiyo nilimwambia hivi, nanyi vijana msikie.

Maliza hadithi yako yote. Mpe mwalimu wa Kiswahili aisome, na mtu mwingine asiyeogopa kukuambia kweli. Isahihishe, kisha iandike upya kwa unadhifu. Usipeleke daftari la pekee. Baki na nakala nyumbani. Andika barua fupi ya ukurasa mmoja kueleza hadithi inahusu nini. Huna haja ya kujivunia umri wako, maana msomaji hununua hadithi, hanunui miaka ya mtunzi. Kisha ngoja. Jibu laweza kuchukua miezi, na huenda likawa la kukataa. Kukataliwa si kufa. Mkulima hatupi jembe kwa sababu ya msimu mmoja.

Nanyi wazazi, mtoto asiye na miaka 18 asiachwe peke yake na mkataba. Keteni pamoja naye, msome kila mstari, mtie sahihi mkiwa mmeelewa. Msipoelewa, ulizeni. Kuuliza hakugharimu hata kuku. Tena msimkataze mtoto kuandika kwa sababu ya matapeli. Katika Injili, yule aliyefukia talanta yake ardhini hakusifiwa.

Binti yule sasa yumo katika daftari la pili, anasahihisha. Nimeisoma hadithi yake: mwanzo unachelewa, lakini bibi anayegombania shamba lake nilimwona kama jirani yangu. Tumwombee kwa Mtakatifu Fransisko wa Sales, msimamizi wa waandishi, ampatie uvumilivu. Na mbuzi wale wawili wapo malishoni, wazima kabisa.