Wazazi tusiwatwishe walimu wa dini mzigo wetu

Natoa dukuduku langu kuhusu jambo linalotuhusu wazazi wote, Waislamu kwa Wakristo. Jambo lenyewe ni wajibu tuliopewa na Mwenyezi Mungu wa kuwafunza watoto wetu na kuwarudi wanapokosea. Wengi wetu siku hizi tumeuacha wajibu huo mlangoni kwa ustadhi au kwa katekista, kisha tukaenda zetu.

Sisemi haya kwa kuwanyoshea wengine kidole. Naanza na mimi mwenyewe.

Mimi ni mkazi wa hapa Tabora mjini. Kazi yangu ni kununua asali vijijini upande wa Sikonge na kuileta mjini kuuza. Kwa ajili ya kazi hiyo huweza kukaa nje wiki mbili, hata tatu. Ninaye mtoto wa kiume wa miaka 13. Tangu alipokuwa na miaka sita nilimtia chuoni asome Kurani, na ada yake sikuwahi kuichelewesha hata mwezi mmoja. Kanzu nilinunua, msahafu nilinunua. Nikajihesabu kuwa ni mzazi aliyetimiza wajibu wake.

Mwaka jana nilirudi safari nikaambiwa kwamba ada ya miezi mitatu haikufika chuoni. Mtoto alikuwa akiipokea kwa mama yake na kwenda kuimaliza kwenye mashine za kamari za mtaani. Sheria inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini anayetaka sarafu zake hamwulizi mtoto umri.

Nilishika fimbo. Nilimpiga kwa hasira, wala sikumwuliza hata neno moja. Usiku ule alitoroka. Tulimtafuta siku mbili, mama yake hali wala halali. Alionekana stesheni ya reli akingojea treni ya Kigoma, hana nauli, wala huko Kigoma hamjui mtu yeyote.

Baada ya hapo nilikwenda chuoni kumfokea ustadhi. Nilimwuliza, miaka saba yote hiyo alikuwa akimfundisha nini mwanangu? Alinisikiliza mpaka nilipomaliza, akanijibu kwa upole: "Mzee wangu, mtoto wako huwa kwangu saa mbili kwa siku. Hizo saa nyingine huwa kwa nani?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani kimya.

Nilipomsimulia jirani yangu, ambaye ni Mkatoliki, hakunicheka. Alisema naye humpeleka binti yake mafundisho ya kipaimara kila Jumamosi, lakini yeye mwenyewe Jumapili hulala mpaka saa tano. Siku moja binti alimwuliza kama kanisa ni la watoto peke yao.

Ndugu Mhariri, wazazi wengi tunapenda kushika kipande kimoja cha maandiko, kile cha fimbo, na kuviacha vingine. Muislamu atakumbusha kuwa mtoto wa miaka kumi akiacha sala arudiwe. Ni kweli, lakini mafundisho hayo hayo ya Mtume yanaanza na miaka saba, kwamba mtoto aamrishwe sala. Kati ya saba na kumi kuna miaka mitatu, na kila siku ina sala tano. Nilipiga hesabu, nikaona ni zaidi ya mara 5,000 za kumwita mtoto na kusimama naye kabla ya kufikiria kuinua mkono. Na wanavyuoni wanasisitiza kuwa hata hapo isiwe ya kuumiza wala ya usoni. Mimi hizo mara 5,000 niliziruka, nikaanzia kwenye fimbo.

Mkristo naye atataja Mithali. Lakini katika Waraka kwa Waefeso, sura ya 6, akina baba wanaonywa wasiwachokoze watoto mpaka wakakasirika, bali wawalee katika mafundisho ya Bwana. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, linawaagiza wazazi wayazungumze maneno ya Mungu na watoto wao wakiwa nyumbani na wakiwa safarini, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Hapo hakuna saa iliyobaki ya kumwachia mtu mwingine. Tena tumkumbuke Eli. Alikuwa kuhani, mtu wa hekaluni, lakini aliadhibiwa kwa sababu alijua uovu wa wanawe na hakuwazuia. Basi dini ya mzazi haimkingi mtoto kama mzazi hakumfunza.

Katika Kurani, Luqman hakumtafutia mwanawe mwalimu ndipo apate nasaha. Alimwita mwenyewe, "mwanangu", akamweleza habari za kumwabudu Mungu mmoja, za sala, za subira, na hata za kutembea bila majivuno na kutopayuka anaposema.

Sisi wa Tabora tunao mfano wetu katika jambo hili, nao upo katika ardhi tunayoikanyaga. Mji huu ulikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na mwingine ukielekea kaskazini. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kote kwa kubeba pembe za ndovu mpaka pwani. Mwingereza Richard Burton alipopita hapa Kazeh mwaka 1857 aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi wa miaka sita au saba walikuwa tayari wanabeba pembe ndogo mabegani.

Burton aliandika hayo kwa dharau, akiwalinganisha watoto hao na watoto wa mbwa wa kuwindia. Mimi nikitazama naona somo. Yule mtoto alibebeshwa mzigo wa kimo chake, si wa kimo cha baba. Tena aliujifunza kwa watu wa kwao, waliokuwa na mzigo wao begani. Hakuna aliyemwambia mtoto "beba" naye mikono yake mitupu.

Lakini njia ile ile ilikuwa na machozi. Pamoja na pembe walipitishwa watumwa, na miongoni mwao watoto walionyang'anywa wazazi wao. Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, alifika Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa kutoka upande wa Manyema. Akasoma, akawa mwanachuoni na kiongozi mkubwa wa tarika ya Kadiria mpaka alipofariki mwaka 1931. Kule Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, watu walitibiwa kwa miaka mingi na Adrian Atiman. Yeye alitekwa utotoni huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomea uganga Malta, akaishi Karema mpaka alipofariki mwaka 1956.

Watu hao wawili walilelewa na mikono ya wengine, nao wakawa watu wa maana. Tumshukuru Mungu. Lakini wazazi wao hawakuwatoa kwa hiari. Walinyang'anywa. Na kwa kila mmoja aliyepata mlezi mwema, ni wangapi waliopotea njiani bila jina? Sisi leo hakuna anayetunyang'anya watoto kwa bunduki. Tunawatoa wenyewe, na tunalipa ada ili watolewe. Halafu wakikutwa stesheni tunashangaa.

Najua nitajibiwa kuwa maisha ni magumu. Mzazi asipokwenda kutafuta, watoto watakula nini? Hilo sipingi, maana hata mimi asali siachi. Wapo akina mama wanaoondoka alfajiri kwenda sokoni na kurudi usiku, na baba hayupo. Sitaki barua hii iwe fimbo kwa watu hao. Ninachosema ni kwamba kutafuta riziki ni sehemu ya wajibu, si wajibu wote. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikuishia kwenye chakula na mavazi. Inamtaka mzazi ampe mtoto malezi na mwongozo, na inakataza adhabu isiyolingana na umri na hali ya mtoto. Serikali na dini hapa zinasema jambo moja.

Mwanangu nilimfanyia nini? Kwanza nilimwomba radhi kwa kile kipigo. Baadhi ya wazee wenzangu walisema nimejishusha. Kisha nilimweleza kuwa fedha ile lazima irudi, na itarudi kwa jasho lake. Kila Jumamosi anaosha ndoo na madumu ya asali, na sehemu ya ujira wake tunakwenda pamoja kuikabidhi kwa ustadhi. Hiyo ndiyo pembe yake ndogo. Shule zikifungwa nakwenda naye Sikonge. Anashika daftari, anaona nikipima asali ya watu bila kupunja, na wakati wa sala ukiingia tunasimama wote wawili chini ya mti. Ninapokuwa mjini, baada ya Magharibi simu nazima, ananisomea alichojifunza chuoni, nami namwuliza maana yake. Mara nyingine maana hatuijui wote wawili, kesho yake tunakwenda kumwuliza ustadhi.

Sidai kuwa nimefaulu. Bado kuna siku hanitazami usoni, na mimi nikisikia king'ora cha treni usiku huamka kutazama kama yupo kitandani. Uaminifu uliovunjika haurudi kwa mwezi mmoja. Lakini zamani nilikuwa sijui mwanangu anafikiri nini. Sasa ninajua kidogo.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wenzangu, wa Tabora na wa nchi nzima, tusiache kuwapeleka watoto chuoni na kanisani, wala tusiwavunje moyo walimu hao wanaofanya kazi kubwa kwa malipo madogo. Lakini tujue kuwa wao ni wasaidizi wetu. Siku ya hesabu, ustadhi ataulizwa juu ya saa zake mbili. Sisi tutaulizwa juu ya zilizobaki.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Naongeza, na babaye pia. Na ulimwengu ukifundisha hauna huruma.

Shime wazazi, tuutwae mzigo wetu.

Mzazi,
Isevya, Tabora.