Fosfati isingojwe baharini

MKULIMA wa Mbarali au Kilolo anaponunua mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia aina ya DAP, huwa amenunua takriban kilo 10 za fosforasi. Bei ilipopanda kupita uwezo wa wengi, Serikali ilizindua ruzuku ya mbolea jijini Mbeya, Agosti 8, 2022. Swali ambalo haliulizwi vya kutosha ni hili: fosforasi hiyo huishia wapi?

Sehemu yake hubaki shambani, ikiwa imeshikwa na chuma na alumini katika udongo wenye tindikali. Sehemu nyingine huliwa katika mahindi na viazi, kisha huingia chooni. Iliyobaki husombwa na mmomonyoko hadi Ruaha Mkuu. Ile isiyotuama katika mabwawa ya Mtera na Kidatu huelekea Rufiji na Bahari ya Hindi.

Je, kemia haiwezi kuirudisha kutoka huko? Kwa nadharia, yawezekana. Chumvi ya chuma ikitiwa majini, fosfati hushikamana nayo na kutuama kama mashapo. Kinachokataa ni hesabu. Hata maji ya kilindini, yenye fosfati nyingi kuliko ya juu, yana chini ya sehemu moja ya kumi ya miligramu ya fosforasi kwa lita. Ili kurejesha mfuko mmoja tu, ingebidi kusafisha zaidi ya lita milioni 100. Chokaa nayo ingepotea bure, kwani lita hiyo hiyo ina zaidi ya gramu moja ya magnesiamu, ambayo huidaka kwanza.

Mkojo ni habari nyingine. Lita moja huwa na mamia ya miligramu za fosforasi, na ukichanganywa na chumvi ya magnesiamu hutoa chembechembe za struvaiti, mbolea inayoyeyuka polepole. Mabwawa ya majitaka, kama yanayotumika Mbeya na Iringa, hupunguza vimelea, lakini fosfati nyingi hupita. Kutia shabu kungeizuia, ila mashapo yake huishikilia mno hata mimea ikapata kidogo.

Kwa hiyo halmashauri zianzie penye watu wengi: shule za bweni, vyuo na masoko, kwa vyoo vinavyotenganisha mkojo. Ruzuku inayotiririka hadi baharini hairudi.