Harufu ya Karo na Afya ya Jirani

Harufu ya karo nyumbani mara nyingi huwa na sababu ndogo: maji yanayokaa katika kona ya bomba la bafu lisilotumika yamekauka, au bomba la hewa limeishia usawa wa dirisha. Tumwage ndoo ya maji. Turefushe bomba lipite paa. Dawa kali tusizimimine kwa wingi, kwani huua bakteria wanaoozesha kinyesi.

Linalotuhuzunisha ni wale wanaosubiri masika ya Dar es Salaam ili watapishe makaro. Mwenye nyumba huokoa fedha za gari la kunyonya. Watoto wa bondeni hucheza katika kinyesi chake, na kipindupindu huenea kwa njia hiyo hiyo. Eti huo ni ujanja! Fedha zikiwa haba, majirani wawili watatu waweza kuchangia gari moja kabla ya mvua.