Umepona Saratani? Usizitupe Karatasi Zako

Saratani ya korodani huwapata zaidi wanaume wa kati ya miaka 15 na 40, umri wa kuoa na kutafuta riziki. Lakini hutibika. Tangu Dkt. Lawrence Einhorn wa Indiana, Marekani, alipoanza kuchanganya dawa ya sisplatini na nyinginezo mwaka 1974, wagonjwa wengi mno wamepona, hata wale ambao ugonjwa ulikuwa umewaenea mwilini.

Hata hivyo, dawa hizo huacha deni. Zinapoua chembe za saratani, mara nyingine hujeruhi na chembe nzima. Jeraha hilo laweza kuzaa saratani nyingine: ya damu katika miaka michache ya kwanza, au ya viungo kama mapafu na kibofu, miaka 10 na zaidi baadaye. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliohusu wanaume zaidi ya 40,000 wa Ulaya na Amerika Kaskazini, ulionyesha kwamba kemotherapi iliongeza hatari ya saratani za viungo karibu mara mbili. Ikichanganywa na mionzi, karibu mara tatu.

Je, ukatae dawa? Hasha! Saratani ya kwanza isipotibiwa huua. Hii ya pili huwapata wachache.

Ninachokipinga mimi ni kimya. Mgonjwa wa Faza au Siyu hupanda boti hadi Mokowe, kisha basi hadi Mombasa au Nairobi. Akimaliza dawa huambiwa, "Umepona," basi. Miaka 12 baadaye anakojoa damu. Daktari anayempokea hajui historia yake, naye mgonjwa anaona haya kuutaja ugonjwa wa sehemu hiyo. Hapo sisi madaktari ndio wa kulaumiwa, kwani hatukumwambia mapema.

Kwa hivyo, kabla hujatoka hospitali, dai barua yenye majina ya dawa, vipimo vyake, tarehe, na kama ulipigwa mionzi. Toa nakala, umwachie mkeo au mamako. Mwonyeshe kila daktari atakayekutibu. Acha sigara. Ukikohoa damu, ukikonda au ukichoka bila sababu, usingoje. Kupima damu na kuchunguzwa kila mwaka kwaweza kufanyiwa hapa hapa Lamu, bila safari ya Mombasa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na afya ni mali.