Binti Anapoomba Kusafiri Peke Yake



Juma lililopita tulipokea barua ya mama mmoja wa Buruburu, mzaliwa wa Mombasa. Anaeleza kuwa binti yake, mwenye umri wa miaka 24 na kazi yake mwenyewe, ameweka akiba kwa miaka miwili ili aende Istanbul kwa siku sita, peke yake. Baba amekataa katakata. Binti hakubishana, ila tangu siku hiyo chakula cha usiku anakula chumbani kwake. Mama anauliza: nifanyeje?

Suala hili si la nyumba moja. Uwanja wa ndege wa Embakasi, ambao leo ni Jomo Kenyatta, ulifunguliwa mwaka 1958, na tangu hapo watu wa mitaa ya Eastlands wamekuwa wakizisikia ndege juu ya mapaa yao. Zamani aliyepanda alikuwa mtu wa hija, wa masomo au wa serikali. Siku hizi mabinti wetu wana mishahara, wana pasipoti, na wanataka kuona. Kuwaambia "hapana" pasi na maelezo hakuizuii safari. Huifanya iwe ya siri. Na safari ya siri ndiyo ya kuogopwa.

Tuanze na dini, kwa kuwa ndipo baba alipoanzia. Zipo hadithi sahihi zinazomkataza mwanamke kusafiri bila maharimu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa Pwani twayafuata, wanavyuoni walimruhusu mwanamke kwenda hija ya faradhi akiwa na wanawake waaminifu. Safari isiyo ya faradhi wengi wao waliikaza zaidi, na baadhi ya wanavyuoni wa zama hizi wamelegeza pale njia inapokuwa na amani. Mwaka 2022 waziri wa hija wa Saudia alitangaza kwamba mwanamke aweza kwenda hija au umra bila maharimu, na hilo nalo limezua mjadala. Safu hii haitoi fatwa. Rai yetu ni kwamba baba na binti waende pamoja kwa sheikh wanayemwamini, kila mmoja aseme yake mbele yake, kabla tikiti haijanunuliwa. Baba ana haki ya kusikilizwa, na binti vilevile.

Pili, neno "peke yake" lina ngazi. Pale Eastleigh, tangu Garissa Lodge ilipogeuzwa kutoka nyumba ya wageni ikawa maduka katika miaka ya tisini, kina mama wafanyabiashara wamekuwa wakipanda ndege kwenda Dubai na baadaye Istanbul kufuata nguo, viatu na mapazia. Wanaujua mtaa wa Laleli kama wanavyoijua Barabara ya Kwanza. Binti aweza kuipanga safari yake iwiane na ya mama mmoja wa aina hiyo: wapande ndege moja, walale jirani, kila mtu aende zake mchana, na jioni wajuliane hali. Gharama haiongezeki hata senti, na moyo wa baba hupoa.

Ngazi nyingine ni jaribio la karibu. Kabla ya Uturuki, na aende Unguja. Mkenya hahitaji viza ya Tanzania. Basi la Nairobi hupitia Namanga hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo boti ya mwendo kasi huvuka kwa muda wa kama saa mbili. Atagongewa muhuri, atabadilisha fedha, atatafuta malazi, atapotea njia kidogo na kuuliza, yote hayo kwa Kiswahili. Akirudi salama na hesabu yake imetimia, mazungumzo ya Istanbul yatakuwa mengine.

Sasa matayarisho yenyewe, mwanangu.

Hati. Pasipoti iombwe mapema kupitia eCitizen, maana foleni ya Nyayo House haijui tarehe ya tikiti yako. Nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi sita mbele. Picha waweza kupigwa ukiwa na hijabu, maadamu uso waonekana wote. Viza iulize kwa ubalozi wenyewe, kwani mtandaoni zipo tovuti zinazojifanya za serikali, zikachukua ada na habari zako zote. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na cheti chake hudumu maisha. Tanzania hukidai kwa atokaye Kenya, na nchi nyingine nyingi pia. Piga nakala tatu za kila hati: moja begini, moja kwenye simu, moja kwa mama.

Fedha. Anayeweka shilingi 1,000 kila juma kwa miaka miwili hupata shilingi 104,000. Zigawe mafungu manne: tikiti, malazi, matumizi ya kila siku, na dharura. Tikiti ikila zaidi ya nusu, subiri. Bei hupanda wakati wa likizo za shule na sikukuu, hushuka baadaye. Fungu la dharura lisiguswe kwa zawadi wala kwa vitambaa vya Laleli. Kazi yake ni moja: kukurudisha nyumbani siku yoyote utakayotaka kurudi. Msichana asiye na nauli ya kurudi yu mikononi mwa watu.

Usikope kwa safari ya matembezi, na hasa usikope kwenye programu za simu. Deni lenye riba ni haramu nyumbani, na ugenini huwa ni haramu yenye hofu juu yake. Chukua kadi ya benki inayotumia fedha zako mwenyewe, si ya mkopo, na uiarifu benki kabla ya kuondoka isije ikaizuia. Mashine ikikuuliza kama utozwe kwa shilingi au kwa lira, chagua lira, maana kiwango cha mashine mara nyingi ni cha hasara kwako. Fedha taslimu zigawe sehemu mbili au tatu, usiweke zote mkoba mmoja. Uwanjani badilisha kidogo tu cha nauli.

Malazi. Zipo nyumba za wageni zenye vyumba vya wanawake watupu, kwa bei nafuu kuliko hoteli. Soma maoni ya wanawake waliolala hapo, uangalie kama mlango unafungwa usiku na kama mapokezi yana mtu. Istanbul ina viwanja viwili vya ndege: mmoja upande wa Ulaya, na mwingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia. Chunguza tikiti yako yafika upi kabla ya kulipia chumba, kwani tikiti ya bei ndogo yaweza kumezwa na nauli ya kuvuka mji. Panga ufike mchana. Mjini tumia kadi ya usafiri iitwayo Istanbulkart, ambayo hufanya kazi kwenye treni, mabasi na feri. Misikiti mikuu huingiwa bure kwa swala, ule wa Süleymaniye ulikamilika mwaka 1557 na ungali unajaa Ijumaa, na kule Eyüp liko kaburi la Abu Ayyub al-Ansari, sahaba wa Mtume (s.a.w.). Yote mawili hayatakugharimu ila nauli.

Ibada. Njiani utakusanya na kupunguza swala. Ukifika na kunuia kukaa siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, katika madhehebu yetu utaswali kamili. Siku sita zako, ukitoa hizo mbili, zabaki nne. Basi jitayarishe kwa swala kamili. Chakula cha Kiislamu cha ndegeni huagizwa kabla, wakati wa kununua tikiti. Ukikaguliwa uwanjani na ukahitaji kuvuliwa hijabu, omba kwa upole afisa mwanamke na mahali pa faragha.

Tumefika kwenye jambo zito kuliko yote.

Safari uliyoilipia mwenyewe ni safari. Safari uliyolipiwa na mtu usiyemjua ni jambo jingine kabisa. Mabinti na vijana wa mitaa yetu wameahidiwa kazi za ofisini au za kupokea simu huko Thailand, wakajikuta wamevushwa hadi Myanmar na kufungiwa katika majumba ya ulaghai wa mtandaoni; tangu mwaka 2022 serikali yetu imekuwa ikiwatoa Wakenya huko. Wengine hupelekwa Ghuba kwa viza ya matembezi na kuambiwa kazi watapewa wakifika. Kenya ina sheria ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, na mawakala wa kazi za nje husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Atakayekuambia usajili si lazima, au usiwaambie wazazi mpaka ufike, huyo amekwisha kujitambulisha.

Na mzigo. Usibebe sanduku, bahasha, kopo la dawa wala zawadi ya mtu, hata akiwa ni shoga yako wa chuo. Machi 2025 mahakama moja ya Vietnam ilimhukumu kifo binti wa Kenya aliyekutwa na zaidi ya kilo mbili za kokeini sandukuni. Maelezo yake yalikuwa kwamba sanduku alipewa. Funga mzigo wako kwa mikono yako, uufunge na kufuli, usiuache hata kwenda msalani. Uungwana wa Pwani wa kutomkatalia mtu neno uuache nyumbani, utaukuta ukirudi.

Mapatano na nyumbani. Saa za Istanbul na za Nairobi ni zile zile, kwa hiyo hakuna udhuru. Patana na wazazi simu mbili kwa siku: moja asubuhi kueleza uendako, moja saa tatu usiku ukiwa chumbani. Nunua laini ya huko, usitegemee ya Kenya. Waachie jina la nyumba ya wageni, nambari ya ndege na tarehe ya kurudi. Patana nao neno moja la siri, la kawaida, ambalo ukilitaja katika mazungumzo wajue una shida na huwezi kusema. Nambari ya dharura ya Uturuki ni 112, na ubalozi wetu uko Ankara. Picha za safari ziweke mtandaoni ukisharudi. Mwenye nia mbaya hahitaji kujua usiku huu umelala wapi.

Turudi kwako, mama wa Buruburu. Mchukulie mwanao karatasi, mwambie aandike yote haya: hati, mafungu manne, malazi, jina la mwenzake wa safari, saa za simu. Aiweke mbele ya baba baada ya swala ya Isha, si wakati wa chakula. Huenda baba akakuta tundu ambalo hakuna aliyeliona, na hapo binti naye asikilize. Huenda akasema aanze na Unguja. Huenda, baada ya kwenda kwa sheikh, jibu likabaki "bado". Lakini "bado" iliyosomwa kwenye karatasi na kujadiliwa haifungi mlango wa chumba kama ile ya kwanza.

Na kama jibu ni "nenda", mwamshe alfajiri, mpikie chai, msindikizeni wote. Kutoka Buruburu hadi uwanjani si mbali. Msomeeni dua ya msafiri, na baba amshikie begi.

Wabillahi tawfiq.